Neno "check" la Kiingereza lilianza kama mfalme wa Uajemi (uzi wa mtu aliyetafsiri bili akaandika hundi)

Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nashusha uzi, mwenye kahawa yake aisogeze karibu. Nianze na aibu yangu ili mjue nimefikaje hapa.

Mimi riziki yangu ni kutafsiri. Mwezi uliopita nikapata kazi ya hoteli moja ambayo wenye mali ni Wamarekani. Kurasa 14, maelekezo ya wafanyakazi na wageni, na wanazitaka kesho yake asubuhi. Nikakesha. Saa nane za usiku akili ya mtu inakuwa kama taa ya kibatari iliyokwisha mafuta. Nikafika penye sentensi inayosema mgeni akimaliza kula, mhudumu atamletea "check". Vidole vikaandika vyenyewe: "Mhudumu atakuletea hundi mezani." Nikatuma, nikalala.

Siku ya tatu meneja ananipigia, anacheka mpaka anakohoa. "Kaka, mgeni ale samaki wa nazi, ashushie na juisi ya ukwaju, halafu sisi ndio tumpe hundi? Tunamlipa kwa kazi ya kutafuna?"

Kumbe Mmarekani bili ya mgahawani huiita "check". Muingereza hasemi hivyo, na sisi tuliosomeshwa Kiingereza cha Muingereza hapo ndipo tunapochinjwa. Nikaomba radhi, nikarudi kwenye kurasa zangu na kalamu nyekundu. Nikakuta neno hilo limejitokeza mara 11, na karibu kila mara limevaa kanzu nyingine. Kuna pahala ni kuweka alama ya vema kwenye kisanduku. Kuna pahala ni kukagua chumba. Pengine ni kuacha koti na mizigo mapokezi ukapewa kijitiketi chenye namba. Mara ni gharama "zisizozuiwa" zitakazoitia hoteli hasara. Mara ni kitambaa cha meza chenye miraba. Kuingia hotelini, kutoka hotelini. Na mara moja tu, ukurasa wa 12, ilikuwa kweli ile hundi ya benki.

Nikajiuliza: kitambaa cha miraba, karatasi ya benki na kuzuia gharama vimekutana wapi? Nimefukua siku kadhaa. Nilichokikuta ni kwamba hayo yote yametoka kwenye ubao mmoja wa mchezo, na aliyekaa katikati ya ubao ni mfalme. Ngoja nivute pumzi nirudi.

Shemeji wa Wote

Nimeweka kambi. Siti ya mbele, dirishani.

Mpiga Drafti

Kama ni ubao wa mchezo naomba liwe drafti. Hapa kijiweni kwetu tunacheza na vizibo vya soda tangu enzi za chupa za kurudisha.

Bi Mdogo wa Tanga

"Tunamlipa kwa kazi ya kutafuna" 😂 Mleta uzi endelea, ila usije ukatuacha njia panda kama wale wa "itaendelea".

Kalamu Butu

Haya, nimerudi.

Mchezo wa sataranji ulizaliwa India, karne ya 6 hivi. Kwa Kisanskriti uliitwa chaturanga, yaani viungo vinne, kwa sababu jeshi la wakati huo lilikuwa na sehemu nne: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi wakaupokea wakauita chatrang. Karne ya 7 Waarabu wakaiteka Uajemi, mchezo nao ukaingia mzigoni. Kiarabu hakina "ch" wala "g" ya Kiajemi, kwa hiyo ukawa shatranj. Sisi huku pwani tukalainisha kwa irabu zetu, sataranji. Mpaka hapo hakuna la ajabu, neno limesafiri na biashara kama bandari na serikali, ambayo nayo ni maneno ya Kiajemi tunayoyatumia kila siku bila kujua.

Ajabu iko kwenye adabu ya mchezo. Ukisogeza kete yako ikawa inamtishia mfalme wa mwenzako, huruhusiwi kunyamaza ukamvizia kama mwizi. Unamtangazia: "Shah!" Kwa Kiajemi ni "Mfalme!", yaani mwangalie mfalme wako, ana hatari. Waarabu wakalibakiza tamko hilo hilo. Mchezo ukavuka nao mpaka Hispania na Sisilia, na kufikia karne ya 10 na 11 mabwana wakubwa wa Ulaya walikuwa wanaucheza. Midomo ya Kilatini haikuiweza ile "h" ya mwisho, ikaikaza ikawa "k": scaccus. Wafaransa wa kale wakasema eschec. Muingereza naye akakata kichwa, akabaki na "check".

Sasa sikilizeni hii, maana ndiyo iliyoninyanyua kitini. Wingi wa eschec kwa Kifaransa cha kale ulikuwa esches. Muingereza akakata kichwa cha huo pia, akapata "chess", ndilo jina lake la sataranji. Kwa hiyo "check" na "chess" ni umoja na wingi wa neno lile lile: mfalme na wafalme. Watu wanacheza mchezo unaoitwa "wafalme" na kila wakibanana wanapiga kelele "mfalme!", na wengi wao hawajui.

Maana nyingine zikaanza kumiminika hapo. Mfalme akitishiwa, mchezo wote unasimama. Huwezi kuendelea na mipango yako mingine, lazima umwokoe kwanza. Ndiyo maana "check" ikawa kusimamisha ghafla, kisha kuzuia, kutia lijamu. Zile "gharama zisizozuiwa" za hoteli yangu ndiyo hizo. Kutoka kuzuia, neno likatambaa hadi kudhibiti, na anayedhibiti hukagua. Karne ya 17 maana ya kukagua na kuhakiki tayari ilikuwa imeshika. Kile kizuizi cha barabarani cha askari, ambacho Kiingereza hukiita "checkpoint", kimebeba maana zote mbili kwa pamoja: unasimamishwa, halafu unakaguliwa. Ya tatu, ya soda, haimo kwenye kamusi.

Shemeji wa Wote

Ya tatu ndiyo asili ya neno mkuu, usitudanganye.

Ustadhi wa Michenzani

Assalam alaykum. Bwana Kalamu, umesema kweli juu ya shah, lakini umeiruka "mate". Mie nasomesha Kiarabu. Ile "checkmate" ni "shah mat", na "mata" kwa Kiarabu ni kufa. Ndipo tulipopata mauti na maiti. Shaha kafa, basi. Wala hahitaji Muajemi kuja kutufasiria.

Kalamu Butu

Waalaykum salaam ustadhi wangu. Hivyo ndivyo wengi wanavyoeleza, na Waarabu wenyewe wa zamani wengi waliisikia hivyo, maana sikio la Mwarabu likisikia "mat" litakimbilia wapi kama si kwenye kifo? Lakini kuna "mat" ya Kiajemi, na wanaisimu wengi huegemea huko: maana yake ni kuduwaa, kuishiwa, kubaki huna la kufanya. Mpaka leo Muirani akipigwa na butwaa husema amebaki mat.

Na utazame ubaoni. Kete zote huliwa na kutolewa, ila mfalme. Mfalme wa sataranji haliwi. Anazungukwa, kila mraba anaoutazama una mtu, mchezo unaishia hapo akiwa bado amesimama. Huyo hajafa, ameduwaa.

Na hiyo "mate" haina undugu na "mate" ya mwenzako mnayekaa chumba kimoja bweni. Hiyo imetoka kwa ndugu zao wa Kijerumani cha pwani.

Ustadhi wa Michenzani

Hilo la mfalme kutoliwa limenikata maini. Nakubali kwa asilimia 70. Hizo 30 zilizobaki nitakwenda nazo msikitini.

Mpiga Drafti

Mkuu, drafti je? Maana Mmarekani mmoja alipita hapa kijiweni akaniambia kwao hii ni "checkers", nikadhani ananichanganya.

Kalamu Butu

Hakukuchanganya. Muingereza huuita "draughts", sisi tukapata drafti. Wazee wa pwani huuita dama. Mmarekani ameupa jina la ubao wenyewe, ambao ni ule ule wa miraba 64 wa sataranji. Ubao umeitwa kwa jina la mfalme, kisha mchezo mwingine kabisa ambao hauna mfalme ukarithi jina. Ingawa nyinyi kete ikifika mwisho wa ubao mnasemaje?

Mpiga Drafti

"Kingi!" Unaweka kizibo juu ya kizibo. Eh, kwa hiyo mfalme amerudi kwa mlango wa nyuma.

Sindano na Uzi

Mimi ni fundi cherehani, naomba niongezee penye kitambaa, maana hapo ndipo pangu.

Mteja akiniletea kitambaa cha miraba huniambia "nishonee shati la drafti". Hakuna anayesema shati la miraba, labda mwalimu wa hesabu. Sisi tumetazama ubao wa mchezo tukaona kitambaa, tukakipa kitambaa jina la mchezo. Nasoma hapa kumbe Waingereza nao walifanya hivyo hivyo, kwa mchezo mwingine juu ya ubao ule ule. Hawakutuiga na sisi hatukuwaiga. Macho ya watu ni yale yale.

Na niseme la kazi, kwa vile watu huwa wanabishana nami bei. Drafti ni adui wa fundi mvivu. Ukikata mfuko wa kifuani bila kutazama, mstari wa mfuko hauungani na mstari wa kifua, shati linaonekana kama mtu aliyevunjika mbavu. Lazima utandaze kitambaa mezani, ufuate mstari kwa chaki kutoka kifuani mpaka mfukoni, halafu ukifika kwenye vifungo upande wa kushoto na wa kulia vikutane. Mwanafunzi wangu alinikatia kola wiki jana, mstari wa kushoto umepanda, wa kulia umeshuka. Nikamwambia kaa chini, uanze upya. Kitambaa cha drafti kinataka nusu mita zaidi ya kitambaa kisicho na maua. Mkiambiwa bei msishangae.

Bi Mdogo wa Tanga

Fundi, "umevunjika mbavu" nimelisoma nikaenda kulitazama shati la mume wangu. Kweli jamani.

Kalamu Butu

Fundi kanifungulia njia, maana kitambaa cha miraba ndicho kilichozaa hazina ya serikali ya Uingereza. Hii naomba mniachie niisimulie polepole.

Wakati wa mfalme Henry wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1100 hadi 1135, palikuwa na tatizo la hesabu. Waingereza waliandika kwa namba za Kirumi, zile za MCXIV. Hebu jaribu kutoa CCLXXXIX kwenye MXLII kwa kalamu na karatasi tuone. Hakuna sifuri, hakuna nafasi ya makumi na mamia. Na wengi wa mabwana wale hawakujua kusoma.

Dawa yao ilikuwa meza. Urefu kama mita 3, upana mita 1 na nusu, ukingo umeinuliwa kidogo kuzunguka ili vitu visidondoke. Juu yake hutandikwa kitambaa cheusi chenye mistari. Safu za kulia kabisa ni za peni, zinazofuata shilingi, kisha pauni, ishirini za pauni, mamia, maelfu. Mara mbili kwa mwaka, Pasaka na sikukuu ya Malaika Mikaeli mwezi Septemba, sherifu wa kila jimbo, yule anayemkusanyia mfalme mapato, aliitwa mbele ya meza hiyo. Mwenye kuhesabu anapanga vibati kwenye safu: hiki ndicho unachodaiwa. Chini yake anapanga vingine: hiki ndicho ulicholeta. Kisha anaondoa kimoja kimoja, huku sherifu anatazama na jasho linamtoka. Hata asiyejua kusoma anaona kwa macho yake kibati kilichobaki peke yake.

Miaka ya 1170 mtunza hazina aitwaye Richard FitzNeal aliandika kitabu kizima cha maswali na majibu kuhusu ofisi hiyo. Anaeleza kwamba iliitwa kwa jina la ubao wa sataranji kwa sababu meza ilifanana nao, na kwa sababu kama ubaoni, hapo mezani nako palikuwa na vita, mtunza hazina upande mmoja na sherifu upande mwingine. Kwa Kilatini scaccarium, kwa Kifaransa eschequier, kwa Kiingereza cha leo "exchequer". Waziri wa fedha wa Uingereza mpaka leo cheo chake ni "Chancellor of the Exchequer". Ukikitafsiri neno kwa neno huyo ni katibu wa ubao wa sataranji.

Risiti zao nazo zilikuwa vijiti. Unakata alama kwenye kijiti cha mti: unene wa kiganja kwa pauni 1,000, dole gumba kwa 100, kidole kidogo kwa 20, punje ya shayiri kwa pauni 1. Halafu unakipasua katikati kwa urefu. Nusu anaondoka nayo aliyelipa, nusu inabaki hazina. Siku ya ubishi mnaziunganisha. Alama zisipokutana, kuna mwizi hapo. Ni ile ile kazi ya fundi, mstari wa mfuko ukutane na mstari wa kifua.

Vijiti hivyo vilitumika mpaka 1826. Vilikuwa vimerundikana Westminster, na tarehe 16 Oktoba 1834 wakaamua kuvichoma kwenye matanuri yaliyokuwa chini ya ukumbi wa malodi. Moto ukapanda ukutani, ukateketeza karibu bunge lote. Lile jengo la bunge lenye mnara wa saa mnaloliona kwenye picha za London lilijengwa baada ya hapo.

Shemeji wa Wote

Yaani risiti zimechoma bunge. Hapa kwetu ingesemwa ni hitilafu ya umeme.

Wa Kaunti

Mimi ni Mkenya na hili neno "exchequer" nalijua kwa uchungu. Nilifanyia kaunti moja kazi ya kuchimba visima, sitaitaja kwa sababu bado nawadai. Kila nikienda kuuliza malipo naambiwa "exchequer haijaachilia pesa". Nikadhani ni mtu! Nikauliza nimpate wapi huyu Exchequer niongee naye.

Kwenye sheria yetu ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, akaunti ya Mfuko Mkuu wa serikali iliyoko Benki Kuu inaitwa kwa jina hilo hilo. Kwa hivyo kile kitambaa cheusi cha Henry kiko Nairobi, na sherifu anayetokwa jasho ni mimi.

Hiyo hesabu ya pauni na shilingi pia si geni. Wazee wetu hadi leo wakisema pauni moja wanamaanisha shilingi 20, na bajeti za Kenya miaka mingi zilisomwa kwa pauni.

Kalamu Butu

Pole sana ndugu. Hata FitzNeal hakuandika sura ya wachimba visima.

Mmanga wa Muttrah

Salaam kutoka Muscat. Nimefuatilia uzi kimya kimya, ila sasa ngojeni. Mmefika kwenye hazina na bado hamjasema hundi ilitoka wapi. Mimi nimesoma, na watu wengi huku wanajua, kwamba "cheque" imetoka kwenye Kiarabu "sakk". Wafanyabiashara wa zama za Abbasi waliandikiana sakk, unaandika Baghdad mtu analipwa mji mwingine. Wazungu walikuwa bado wanapasua vijiti. Msituibie.

Kalamu Butu

Sheikh, nilikuwa nakungoja wewe hasa. Sakk ni kweli tupu, na Waarabu walikuwa na amri za malipo za maandishi wakati Ulaya bado ni sarafu kwenye mfuko wa ngozi. Hilo sibishani.

Ninachobishana ni njia ya neno. Wakati benki za London zilipoanza kutumia karatasi hizi, karne ya 17 na 18, karatasi yenyewe hawakuiita hivyo. "Check" kilikuwa kile kipande kinachobaki kwenye kitabu ukichana. Kazi yake ni kuhakiki: mtu akileta karatasi ya kughushi, unailinganisha na kipande kilichobaki. Kijiti cha hazina tena, sasa kimekuwa karatasi. Baadaye jina likahama kutoka kwenye kipande kinachobaki hadi kwenye kipande kinachotoka. Ile tahajia ya "que" Waingereza waliinyoosha baadaye, karne ya 19, kwa kuifananisha na "exchequer". Wamarekani hawakujisumbua, wakabaki na "check". Kwa hiyo kamusi kubwa za Kiingereza zinalipeleka neno kwa mfalme wa sataranji, si kwa sakk.

Ila nikupe la kukufariji. Wanaleksikografia wa kale wa Kiarabu wenyewe walisema sakk ni neno la Kiajemi lililoarabishwa. Kwa hiyo ukienda kwa njia yako au kwa njia yangu, wote tunalala Uajemi. Na Irani ya leo, mtu akienda benki kutoa pesa kwa karatasi, anaiita chek.

Mmanga wa Muttrah

Hii umenipa kwa mkono wa kushoto lakini nimeipokea. Huku benki wanasema shiik, na kwenye nyumba zetu tunazungumza Kiswahili, bibi yangu alisema hundi mpaka anaondoka duniani, Mungu amrehemu.

Kalamu Butu

Bibi alikuwa na haki yake. Hundi ni ya Wahindi. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wanaandikiana hundi huku pwani kabla benki za Kizungu hazijafungua madirisha. Benki zilipokuja na karatasi yao, Kiswahili hakikuona haja ya jina jipya. Cheki imekuja baadaye kuchangia chumba. Na ikikosa pesa nyuma yake, iwe hundi iwe cheki, inadunda.

Papa Lubum

Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi. Nyinyi munasema Kiingereza, lakini sisi huku tulisoma Kifaransa. Mwanafunzi akianguka mtihani tunasema "alipata échec". Na sataranji kwa Kifaransa ni "échecs". Sikuwaza hata siku moja kama ni neno moja. Basi mwana yangu alileta mfalme wa Uajemi ku nyumba, trimestri ya kwanza, hesabu na fizikia.

Kalamu Butu

Papa, mwana wako hana makosa, amekuwa mat tu 😂. Ni lile lile. Kwa Kifaransa tishio la mfalme liligeuka kuwa kushindwa kwa aina yoyote. Na cha kuchekesha, lile "chèque" la benki Wafaransa wamelichukua kwa Waingereza. Yaani Mfaransa alimpa Muingereza eschec, miaka mia kadhaa ikapita, Muingereza akamrudishia likiwa na saini chini.

Wareno nao wana yao. Sataranji kwao ni xadrez, kutoka ile ile shatranj. Kitambaa cha drafti, xadrez. Na mtaani ukiwekwa ndani kituoni, uko kwenye xadrez, kwa ajili ya zile nondo zilizopishana dirishani.

Bi Mdogo wa Tanga

Na hii yetu ya "nitakucheki"? Kijana alimwambia binti yangu "nitakucheki kesho". Nikauliza anakukagua una nini? Akaniambia mama, maana yake atanipigia simu.

Wa Kaunti

Huku Nairobi ni "cheki" ya kuona. Cheki huyo, cheki ile gari. "Tutachekiana" ni kuagana, hakuna anayetarajia kukuona.

Kalamu Butu

Mama, hapo sasa Kiswahili kimelichukua na kulizalia watoto wake. Kukucheki kwa maana ya kukutafuta kwa simu au kukupitia nyumbani, Muingereza hana kwa namna hiyo. Tumeliwekea viambishi vyetu: nicheki, anicheki, wamechekiana, hachekiki. Kukosa cha kufanya tu ndiko kumenifanya nijaribu hilo la mwisho.

Kijana wa Juzi

Wakuu samahani, na ile nchi ya Cheki kule Ulaya nayo ni ya mfalme wa Uajemi?

Kalamu Butu

Hapana mdogo wangu. Hiyo imetokana na jina la taifa lenyewe, na hekaya zao husema babu yao aliitwa Čech. Imefanana kwa sauti tu, kama vile kucheki na kucheka. Kucheka ni Kibantu chetu cha asili, hakijawahi kupanda jahazi.

Ustadhi wa Michenzani

Nimerudi. Nimekaa nikawaza: sisi tunaye shaha. Mshairi bingwa, anayewapita malenga wengine, tunamwita shaha. Si ni huyo huyo?

Kalamu Butu

Ustadhi! Hilo nililiweka akiba, umenipokonya mdomoni. Ni huyo huyo. Mfalme mmoja ameingia Kiswahili mara mbili. Mara ya kwanza alikuja kwa jahazi, moja kwa moja, akafikia kwenye ushairi akapewa kiti: shaha. Mara ya pili alikuja kwa njia ndefu, Baghdad, Hispania, Ufaransa, London, amenyolewa kichwa na kukazwa mkia, akafikia kwenye simu ya binti wa Bi Mdogo: cheki. Wanapishana mjini na hawasalimiani.

Bi Mdogo wa Tanga

Mimi shaha ninayoijua ni ile ya mnazi. Mnazi ukikatwa, kule juu kileleni ukipasua kuna moyo mweupe, laini, mtamu kama maziwa yenye karanga. Tukiwa watoto tulipigania.

Kalamu Butu

Hiyo ni shaha nyingine mama, si ya ukoo huu. Ila nimepata njaa.

Mrejesho wa kazi: nimemaliza kuzirekebisha zote 11. Bili imekuwa bili. Vema ni vema. Vitambaa vya meza nimeandika vya drafti, asante Sindano na Uzi. Mmoja tu umenisumbua: pahala wanaposema ikinyesha siku ya nyama choma ya ufukweni mgeni atapewa "rain check". Hiyo inatokana na besiboli ya Wamarekani, karne ya 19: mvua ikivunja mchezo unabaki na kipande cha tiketi, unarudi nacho siku nyingine bila kulipa. Nimezunguka nayo saa nzima. Mwishoni nimeandika: "Mvua ikinyesha, tiketi yako itatumika siku nyingine." Meneja hajapiga simu kucheka, nadhani imepita.

Mpiga Drafti

Kesho saa kumi na moja njoo kijiweni. Na ukinibana mfalme wangu, utangaze kwanza.

Kalamu Butu

Drafti haina kutangaza.

Mpiga Drafti

Kuanzia kesho inayo.